Mwaka Niliojaza Risasi za Kunguru

Binti yangu Mwanaidi anafanya kazi ya mapokezi huko Uarabuni, katika hoteli moja ya Al Garhoud, mitaa ile iliyo karibu na uwanja wa ndege, na ni yeye aliyenitafutia viza ya matembezi ili nije nione anavyoishi. Nilikuwa sijamaliza hata wiki. Tulikuwa tumekaa kitandani kwake tunakula wali na mchuzi wa dagaa nilioubeba kutoka Tanga, sahani mapajani kwa sababu chumba hakina nafasi ya meza, aliponiambia kwamba ana habari ya kunifurahisha. "Baba, kuna mtu wako pale kazini. Mkuu wa walinzi wetu, Mganda. Alipoona jina langu kwenye beji akaniuliza kama nina undugu na Shabani Mhina wa mazraa ya Al Awir. Nikamwambia ni baba yangu mzazi. Baba, yule mzee alitaka kulia." Nikamuuliza anaitwa nani, ingawa nilishajua. "Opio. Mimi namwita Baba Mkubwa. Tangu siku ile hakuna mtu anayenisumbua kazini, hata mameneja wanajua mimi ni mtoto wake. Ameniambia yote, alivyokuokoa usifungwe. Mbona wewe hujawahi kunihadithia?" Nikaendelea kutafuna. Nakumbuka niliitoa mifupa ya dagaa mdomoni, ingawa mifupa ya dagaa haitolewi, humezwa tu, na binti yangu akaniangalia akidhani nimekabwa. "Amesema Ijumaa twende tukale Karama," akasema. "Amesema ukikataa atakuja mwenyewe kukubeba."

Kwa hiyo nitaeleza ilivyokuwa, maana nimeishi na mwaka ule zaidi ya miaka ishirini bila kumsimulia mtu, na sasa nimekuta hadithi yake imeshasimuliwa na mwenzangu, tena vizuri. Mazraa ile, yaani shamba la tajiri, ilikuwa Al Awir, mahali ambapo mji ulikuwa unaishia na mchanga unaanza. Siku hizi ukisimama International City unaweza kuona ilipokuwa. Wakati ule hapakuwa na majumba hayo. Palikuwa na ukuta mrefu wa matofali, mitende mistari kwa mistari, mabanda ya kware na tausi, bwawa dogo la bata, na nyumba ya arbab, tajiri wetu Mwarabu, ambayo alikuja kulala mwisho wa wiki tu. Mimi nilipelekwa kumwagilia mitende. Nilikuwa kijana, nimeshika viza yangu kama mtu aliyeshika yai, na Kiarabu changu kilikuwa maneno ya kazi: yalla, khalas, lete, peleka, naam. Tulilala vyumba vya nyuma vilivyoezekwa bati, na ukuta uliotenganisha chumba changu na cha Opio ulikuwa wa mbao nyembamba, kiasi kwamba akigeuka usingizini nilijua amegeukia upande gani.

Opio alikuwa mlinzi wa mazraa. Kabla ya hapo alikuwa askari kwao, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, hakina adabu za pwani, lakini kilikuwa na ukarimu wake. Alikuwa amenizidi umri kwa miaka kumi hivi, ana mke na watoto watatu kwao Lira, na Kiarabu alikizungumza kwa kasi kama mtu anayepiga kelele sokoni. Arbab alimpenda. Ndiye aliyekabidhiwa bunduki ndogo, na hiyo bunduki ndiyo iliyotufanya tuwe ndugu. Ilikuwa ya kupigia wasumbufu, yaani kunguru walioingia mabandani kunyonya mayai, panya wa ghala la nafaka, na mbweha wa jangwani aliyepita chini ya uzio. Arbab alikuwa na kibali chake, na hakuna mtu mwingine mazraani aliyeruhusiwa kuishika isipokuwa Opio, au mtu aliye chini ya macho ya Opio. Sijaona bunduki nyembamba kama ile tena. Tundu la mtutu lilikuwa dogo, penseli isingeingia. Kichwa cha risasi yake kilikuwa kama punje ya mpunga iliyochongwa, na ukikiweka kwenye kiganja hukisikii uzito. Mlio wake haukuwa kishindo, ulikuwa kama mtu aliyevunja ubao mkavu gotini.

Risasi za namna ile hazikupatikana madukani. Ziliagizwa nje na zilichelewa, kwa hiyo arbab alinunua mtambo mdogo wa mkono wa kujazia upya maganda yaliyokwisha kupigwa, akaufunga kwenye meza ya ghala. Opio alijaribu kuutumia akashindwa. Vidole vyake vilikuwa vinene, alizimwaga punje za baruti, alipachika vichwa vya risasi vikakaa upande. Asubuhi moja aliniona nikishona kandambili yangu kwa sindano ya kushonea magunia, akasimama akaniangalia muda mrefu. "Wewe kijana," akasema, "kuja huku. Hiyo mikono yako inapotea bure kwa maji." Akanipeleka ghalani, akanikalisha kwenye kiti cha plastiki, akanionyesha. Unalifuta ganda, unaisukuma nje fataki iliyokwisha kulia, unalibana ganda lirudi umbo lake, unapachika fataki mpya kitakoni, unapima baruti kwenye mzani mdogo wa sahani mbili, unaimimina kwa faneli isiyozidi kofia ya kalamu, halafu unakiweka kichwa juu na kukishusha taratibu kwa mkono wa mtambo. Nililiharibu ganda la kwanza. La pili likakaa. Opio akaligeuzageuza kwenye mwanga wa mlango, kisha akanipiga begani kwa nguvu mpaka nikaegemea meza. "Mdogo wangu," akasema. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, na ninakiri kwamba nililihifadhi neno lile kama mtu aliyepewa nguo ya sikukuu.

Ghala lile lilikuwa chumba changu cha furaha mwaka ule. Lilinuka pumba za kuku, mafuta ya bunduki na karatasi ya magunia. Kiyoyozi kilikuwa kibovu, kinadondosha maji kwenye ndoo, na ilibidi kukizima wakati wa kupima baruti kwa sababu pumzi yake ilitosha kuuyumbisha mzani. Basi tulikaa kwenye joto, jasho linatiririka, hatusemi, tunauangalia mshale ukitulia katikati. Alipokuwa hana zamu Opio alikaa kwenye gunia karibu yangu, akiyapanga maganda yaliyokwisha kujazwa ndani ya kisanduku cha mbao, na akinihadithia habari za kwao, mke wake, yule mtoto wa mwisho ambaye hajawahi kumwona. Mchana Bi. Zuwena, mpishi, alituletea chakula kwa sababu alituonea huruma. Bi. Zuwena alikuwa mtu mzima, wazee wake walitoka Unguja zamani, naye Kiunguja chake alikitunza kama kilivyo. Alituletea wali wa nyama uliobaki sinia la arbab, na ndimu za kukausha ndani yake, akasimama mlangoni kwa sababu aliogopa baruti. "Nyinyi mwacheza na moto humu," alisema. "Na huyo mbwa naye afanya nini mlangoni? Haya kuleni, maji ya mikono nshakuleteeni." Opio alipenda kusonga ugali wa Ijumaa, akauita posho, na Bi. Zuwena alikuwa akionja kidogo na kusema hauna chumvi, na Opio akamjibu kwamba posho haitiwi chumvi, na hayo yakawa mazungumzo yao ya kila Ijumaa.

Huyo mbwa aliyemnung'unikia alikuwa Riim. Arbab alikuwa na mbwa wa kuwindia, wale wembamba wenye miguu mirefu na masikio ya manyoya, ambao Waarabu huwaingiza hata ndani ya nyumba. Wengine walikaa banda lao, lakini Riim alikuwa na rangi ya mchanga, mzee kidogo, na arbab alimwachia atembee anapotaka. Alipokuwa akija mwisho wa wiki, kabla ya kusalimiana na mtu, alipiga magoti barazani na kuushika uso wa Riim kwa mikono miwili. Mbwa yule alikuwa amelelewa na marehemu kaka wa arbab, Bi. Zuwena alituambia hivyo. Sikuwa mtu wa mbwa, lakini hata mimi nilimzoea. Alilala kwenye kivuli cha mlango wa ghala, na nilimruka kila nilipoingia.

Opio ndiye aliyenifundisha kupiga. Alinilaza juu ya paa bapa la banda la nafaka, alfajiri baada ya sala yangu, akaniwekea gunia la mchanga chini ya mtutu. "Usivute," alininong'oneza. "Ukivuta unaamsha bunduki yote. Bana tu. Bana kidogo kidogo mpaka iende yenyewe, wewe mwenyewe ushangae." Akanifundisha kuangalia utambaa tulioufunga kwenye mtende, kwa sababu risasi nyepesi kiasi kile upepo unaichezea, na ukiupuuza utambaa unampiga ndege wa jirani. Kunguru wenyewe walikuwa wale wale wa Dar es Salaam, wenye shingo ya kijivu na akili za wezi. Walimtambua Opio hata akibadilisha shati. Mimi hawakunijua, kwa hiyo kunguru wangu wa kwanza nilimpata kwa urahisi, na Opio akacheka bila sauti, mabega yakitetemeka, mkono wake ukiwa umenishika kisogo. Nilimwangalia yule ndege mweusi chini kwenye mchanga, na sikufurahia kufa kwake. Nilichokifurahia ni ule mkono.

Mara moja moja tulipata ruhusa ya kwenda mjini. Opio alikuwa na marafiki waliopanga chumba mtaa wa Karama, chumba kimoja cha vitanda vya juu na chini, kila kitanda kimezungushiwa pazia lake, viatu vyote mlangoni, na sufuria moja ya chai ya maziwa ya kopo isiyokauka. Walikuwapo Wakenya waliochanganya Kiingereza na Sheng mpaka nikabaki natabasamu tu, Waganda wa ulinzi, na Watanzania wenzangu wa ujenzi. Ijumaa moja nilikuwa nimejilaza nyuma ya pazia, wakadhani nimelala. Nikamsikia mmoja akimuuliza Opio, "Huyo mtoto umemtoa wapi?" Opio akajibu, "Huyo si mtoto. Huyo ni mdogo wangu kabisa. Nikimwambia ruka, anaruka, haulizi kwa nini. Watu wa hivyo hawapo tena." Nililala pale nikiwa nimefumba macho, nimejaa fahari. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi tangu hapo. Yote yalikuwa kweli. Kilichobadilika ni namna ninavyoyasikia.

Ilikuwa karibu na mwisho wa msimu wa baridi. Mbweha alikuwa ameingia banda la kware na kuacha manyoya matupu, na arbab, aliyekuwa amekuja kulala, alimwambia Opio ammalize. Alfajiri ile palikuwa na ukungu, ule ukungu mzito unaoshuka jangwani miezi ya baridi ukafuta hata mitende ya karibu. Opio alipanda paani peke yake. Mimi nilibaki jikoni nachemsha chai. Nikausikia mlio mmoja, ubao umevunjika gotini, kisha kimya. Aliporudi alikuwa ameivua kofia yake na ameishika kwa mikono yote miwili. Alisimama mlangoni bila kuingia. "Nimempiga Riim," akasema. "Nimeona mgongo tu. Rangi ile ile. Nimeona mgongo, nikabana." Nilimtoa kofia mikononi, nikamkalisha, nikampa chai, akaishika bila kunywa. Nikamwambia twende kwa arbab, tumweleze, ukungu ameuona mwenyewe. Akatikisa kichwa. "Mimi ndiyo nitaongea. Wewe nyamaza kabisa, kijana. Kiarabu chako kitaharibu. Niachie mimi." Nikamwachia. Sasa nikiwaza, nadhani alipokuwa anasema hivyo alikuwa bado hajaamua. Napenda kuamini hivyo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeumia kweli.

Tuliitwa sebuleni kwa arbab mchana. Ni chumba kirefu, mito pembezoni, mazulia mekundu, harufu ya kahawa na udi. Riim alikuwa amelazwa kwenye shuka jeupe karibu na mlango, amefunikwa mpaka shingoni. Arbab hakupiga kelele. Macho yake yalikuwa mekundu, na katika vidole viwili alishika ganda moja la risasi, tupu, alilolikuta paani mwenyewe. Nililitambua hata kabla sijakaribia, kwa sababu mimi ndiye niliyelipiga msasa kitakoni likang'aa. Opio alisimama kando yangu, wakazungumza wao wawili kwa Kiarabu, Opio kwa sauti ya chini, kichwa kimeinama. Halafu arbab akanigeukia mimi. Akaliinua lile ganda, akaniuliza swali fupi. Nilimgeukia Opio. Opio alikuwa anaangalia zulia. "Anauliza kama risasi hii umeijaza wewe," akasema. "Sema naam." Nikasema naam. Nilisema wazi, hata kwa fahari kidogo, Mungu anajua, kwa sababu niliamini Opio ameshaeleza yote na mwenye mali anataka tu kujua kazi ya nani ni nini. Arbab akauliza tena. "Anauliza kama uliijaza peke yako, bila mimi kukusaidia." Nikasema naam. Arbab aliniangalia kwa muda. Sikuwa nimewahi kuangaliwa namna ile, si kwa hasira hasa, kama mtu anayejitahidi kukumbuka aliniruhusu kuingia kwake kwa sababu gani. Halafu akasema khalas, yaani basi, imekwisha, na neno hilo sikuhitaji kutafsiriwa. Mlangoni tulipishana na Bi. Zuwena aliyekuwa amesimama na sinia la kahawa. Hakunitazama.

Nje Opio alinishika mkono. Alisema arbab ametukasirikia sote wawili, ametutoa sote, ila amembembeleza asitupeleke polisi. Alisema mimi nitatangulia kurudishwa nyumbani na yeye atafuata mambo yake yakikamilika. Alisema haya akiwa amenishika mkono wakati wote. Nilimpa pole. Nilimwambia watoto wake Mungu atawaangalia. Jioni nilikaa chumbani nikifunga mizigo yangu, na nilimsikia upande wa pili wa ukuta akitembea, akikaa, akitembea tena, na nikamwonea huruma yeye zaidi kuliko nilivyojihurumia.

Bi. Zuwena alikuja asubuhi yake akiwa na mkate wa kumimina uliofungwa kwenye kitambaa. Akakaa ukingoni mwa kitanda changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mwanangu," akasema, "kwa nini umekubali?" Nikamuuliza nimekubali nini. Akanitazama, nikaona uso wake ukibadilika taratibu, kama mtu anayesikia mtoto analia nyumba ya pili. "Wewe hukufahamu ulichoulizwa," akasema. "Ya Rabi. Hukufahamu." Halafu akanieleza, neno kwa neno, kwa Kiunguja chake kilichotulia. Opio alikuwa amemwambia arbab kwamba nilichukua bunduki alfajiri yeye akiwa amelala. Na arbab, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, hakutaka kunihukumu kwa maneno ya mwingine, akaniuliza mwenyewe: ni wewe uliyempiga? Nikasema naam. Akaniuliza: uliichukua bunduki bila ya huyu kujua? Nikasema naam. "Nami nilikuwa pale mlangoni," akasema Bi. Zuwena. "Nilisikia alivyokutafsiria. Nikajua asema siyo. Lakini nikajisemea labda mmepatana nyinyi wenyewe, labda umejitolea. Nikajisemea hivyo kwa sababu niliogopa. Mimi sina karatasi ya nchi hii wala ya nchi nyingine, mwanangu. Nikitolewa hapa, sina nitokako." Nikamuuliza kama atakuja nami kwa arbab sasa hivi. Akasema arbab ameshaondoka na alfajiri, ameenda kumzika mbwa kwenye ardhi ya kaka yake, kisha atasafiri. Akauacha mkate kitandani. Sikuula, na sikumlaumu sana, ingawa kwa miaka fulani nilimlaumu yeye kuliko Opio, kwa sababu kumlaumu yeye kulikuwa kwepesi.

Gari lilipokuja kunichukua, Opio alinibebea begi. Kutoka vyumba vya nyuma mpaka geti la mazraa ni mwendo mrefu, unapita mabanda, unapita ghala, unapita bwawa la bata. Nilitembea taratibu makusudi. Nilikuwa nimeshajua, naye hakujua kwamba nimejua, na nilitaka kumpa njia yote ile aseme. Nilikuwa tayari kulipokea neno lolote. Angesema tu "mdogo wangu, nimekosa," ningesimama. Alizungumza juu ya baridi inayoisha. Alisema nikifika nimsalimie mama. Getini aliweka begi ndani ya gari, akanikumbatia, akaniombea kwa lugha ya kwao mkono wake ukiwa kisogoni pangu, na alikuwa analia. Machozi yake yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililonitesa kuliko yote, kwamba yalikuwa ya kweli na bado hakusema. Nilirudi Tanga, nikajifunza kutengeneza saa na baadaye simu, nikaoa, nikapata watoto. Kazi yangu ni ya vidole na ya kibano, na ninaipenda. Lakini ni miaka mingi sijamkubalia mtu aniambie "niachie mimi," hata mke wangu, na mke wangu amelipia jambo ambalo hakulifanya.

Ijumaa tulikwenda Karama kwa treni ya metro. Opio alikuwa ametangulia, ameshika meza karibu na dirisha katika mkahawa wa Wahindi wa Kerala, na aliponiona alinyanyuka kwa shida kwa sababu magoti yake yamechoka. Amekuwa mzee. Nywele zote zimekuwa nyeupe, na sare ya ukuu wa walinzi imemkaa vizuri. Alinikumbatia mbele ya watu, akaniagizia samaki, akaagiza parota, zile chapati zao za matabaka, akanimegea. Alimsifia Mwanaidi kwangu na kunisifia kwa Mwanaidi. Watoto wake wote wamesoma, yule wa mwisho ni mwalimu. Nilimsikiliza na nilifurahi kweli kusikia hivyo, na hilo lilinishangaza. Halafu simu ya Mwanaidi ikalia, ilikuwa ya kazini, akatoka nje kuisikiliza, nasi tukabaki wawili na samaki katikati.

"Kaka Opio," nikamwambia, "kwa nini hukuniomba?"

Hakujifanya hajaelewa. Nampa heshima yake kwa hilo. Aliiweka chini parota, akajifuta vidole kimoja kimoja. "Nani alikuambia?" akauliza.

"Bi. Zuwena. Kabla sijaondoka."

Nje ya kioo Mwanaidi alikuwa akitembea huku na huku, simu sikioni, anacheka na mtu. "Nilikuwa na watoto watatu," Opio akasema mwishowe. "Wewe ulikuwa peke yako. Nilihesabu hivyo. Nilisema wewe ni kijana, utaanza tena. Mimi nikianza tena watakufa."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza. Asubuhi ile jikoni ungeniambia, Shabani, nibebee hili, nina watoto. Ningebeba. Nisingeuliza swali. Wewe mwenyewe ulikuwa unajua, uliwaambia watu wa chumba kile kwamba sikuulizi."

"Niliogopa ungekataa."

"Nisingekataa."

"Sasa mimi ningejuaje?" akasema, na sauti yake ikapanda kidogo, kama mtu anayedhulumiwa. Nikamwangalia, nikaona kwamba swali hilo amejiuliza miaka yote, na kwamba jibu alilojipa ndilo alilomsimulia binti yangu. Nilimwambia kwamba angejua kama angeniuliza. Nilitegemea labda sasa, kwa kuwa tumefika hapo, atalisema lile neno nililolisubiri kutoka vyumba vya nyuma mpaka getini. Nilikuwa bado tayari kulipokea. Midomo yake ilifunguka.

Mlango ukafunguliwa na Mwanaidi akaingia, akakaa, akatuangalia kwa zamu. "Mbona mmenyamaza? Mlikuwa mnanisengenya?"

Opio akanyanyua mkono wake akauweka begani kwangu. Uso wake ulirudi mahali pake kwa wepesi ambao sijawahi kuuona kwa mtu. "Hapana, binti yangu," akasema akitabasamu. "Tulikuwa tunakumbuka ile siku nilimwombea baba yako kwa arbab. Leo ananishukuru, na mimi namwambia khalas, ya nini kushukuru, sisi ni ndugu."

Mara ya kwanza sikuwa na lugha. Mara hii kila neno lilisemwa kwa Kiswahili, mbele ya mtoto wangu, na mkono uko begani. Nilijua kwamba kazini Mwanaidi anamtegemea. Nilijua kwamba anampenda. Niliviwaza vyote viwili. Kisha niliutoa ule mkono begani kwangu, taratibu, nikauweka juu ya meza, na nikamwambia binti yangu asogeze kiti.

"Kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu," nikamwambia. "Baba yako mkubwa yupo hapa na alikuwapo siku ile. Nikikosea atanisahihisha."

Nikaanza na ghala, na mzani, na ukungu. Nilisimulia bila haraka, na nilipofika sebuleni kwa arbab niliyasema maswali yote mawili, kwanza kama nilivyotafsiriwa, halafu kama yalivyokuwa. Samaki alipoa. Mwanaidi hakunikatiza. Alikuwa haniangalii mimi, alikuwa anamwangalia Opio, akimsubiri aseme kwamba siyo. Nilisimulia mpaka getini, mpaka gari, mpaka mwisho. Opio alikaa ameinamisha kichwa, anaangalia kitambaa cha meza kama alivyoliangalia lile zulia, na hakunisahihisha mahali popote.